Mwenye gari kuukuu achague kitabu cha ufundi kwa namba ya mota, si kwa picha ya jalada

KALENGERA, Rutshuru – Anayesimama nusu saa kando ya barabara ya taifa namba 2, pale Kalengera, hakosi kuona gari lililofunguliwa boneti. Shofa ameinama juu ya mota, abiria wameketi juu ya mizigo yao, na kijana ametumwa kutafuta maji ya radiateri. Barabara hii ndiyo inayounganisha Goma na Rubare, Rutshuru na Kiwanja. Juu yake hupita maharagwe, kabichi, ndizi na makala; hupita wagonjwa na wanafunzi. Na tangu vita viliporudi mwaka 2022, zimepita familia nzima na magodoro yao, kwanza zikikimbia, kisha zikirudi.

Magari yanayobeba mzigo huo mengi ni ya zamani. Ni Toyota Corolla na Carina zilizochoka Japani kabla ya kupakuliwa Mombasa ao Dar es Salaam. Ni Hiace, ni Noah, ni Land Cruiser za mazuti. Gari la miaka 20 ao 25 halimshangazi mtu hapa. Mwenye gari la namna hiyo anajua hesabu yake: siku tatu za kazi, siku moja ya garaji, na faida ya siku tatu inabaki mikononi mwa fundi. Si ajabu basi akitaka kujifanyia mwenyewe kazi ndogondogo, kama kubadilisha mafuta ya mota, filtri, buji na mikanda, na akitafuta kitabu cha kumwongoza.

Wazo hilo ni zuri na linastahili kuungwa mkono. Lakini kitabu kisicho cha gari lake kinaweza kumharibia kuliko kukosa kitabu. Asiye na kitabu huuliza. Mwenye kitabu kisicho chake hukaza bulo akiamini anajua.

Jina moja, mota mbili

Kosa la kwanza hufanyika dukani, ao sokoni mbele ya rundo la vitabu vilivyotumika. Mtu anaona picha ya gari linalofanana na lake, anasoma jina, analipa. Hajafungua hata ukurasa mmoja wa ndani.

Chukua mfano wa Corolla, gari ambalo kila mtoto wa Goma analijua. Kuna Corolla ya Japani ya miaka ya 1990, ile ambayo namba yake ya mwili huanza na AE110. Mota yake ni 5A-FE. Kuna nyingine iliyoanza kutoka kiwandani mwaka 2000, NZE121, ambayo mota yake ni 1NZ-FE. Zote mbili ni za esanse. Zote mbili huitwa za lita moja na nusu: ya kwanza ina sentimita za ujazo 1498, ya pili 1497. Kwa karatasi za ushuru zinaonekana kama ndugu wa tumbo moja.

Lakini ndani haziko sawa. Mota ya 5A-FE ina mkanda wa mpira unaoendesha valvu, mkanda ambao kiwanda kilitaka ubadilishwe gari likifikisha kilomita 100 000. Mota ya 1NZ-FE haina mkanda huo. Ina mnyororo wa chuma ndani, na mnyororo haukupangiwa kubadilishwa kwa kilomita. Mwenye AE110 anayesoma kitabu cha NZE121 hatapata neno lolote juu ya mkanda. Atafikiri hakuna la kufanya. Siku mkanda utakapokatika, mota itazima palepale, iwe mbele ya soko la Rubare ao katikati ya msitu.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hawalifikirii. Corolla ya wakati uleule iliyouzwa Ulaya haikuwa na mota ile ya Japani. Ilibeba 4ZZ-FE ya lita 1,4, ao 3ZZ-FE ya lita 1,6, ao mota za mazuti zinazoitwa D-4D. Ile ya Marekani ilibeba 1ZZ-FE ya lita 1,8. Kwa hiyo kitabu cha Corolla kilichoandikwa Ufaransa, Uingereza ao Marekani kinaweza kuwa kitabu kizuri kabisa, na bado kisimsaidie mtu wa Kalengera kwa mota yake hata kidogo.

Kumbe mota ya 1NZ-FE Toyota iliiweka pia, huko Marekani, ndani ya gari jingine dogo liitwalo Echo. Mwenye NZE121 atajifunza zaidi juu ya mota yake ndani ya kitabu cha Echo, gari ambalo labda hajaliona maishani, kuliko ndani ya kitabu chenye Corolla jaladani. Kwa freni na nyaya za umeme, kitabu hicho cha Echo hakitamfaa, kwa maana mwili wa gari ni mwingine. Lakini kwa mota ni kilekile.

Wenye Land Cruiser nao wako katika shida hiyohiyo. Vitabu vya Marekani vya Land Cruiser ya miaka ya 1980 na 1990 vinazungumzia mota za esanse. Land Cruiser nyingi za huku ni za mazuti, na mota inayojulikana sana ni 1HZ, yenye silinda sita, lita 4,2 na haina turbo. Anayenunua kitabu cha esanse kwa ajili ya 1HZ amenunua karatasi ya kufungia karanga.

Kusoma bamba kabla ya kusoma kitabu

Basi kazi ya kwanza haigharimu hata faranga moja. Ni kufungua boneti na kutafuta bamba. Kwenye Toyota nyingi za Japani bamba hilo limepigiliwa kwenye ukuta unaotenganisha mota na viti. Kwenye nyingine liko kwenye nguzo ya mlango. Juu yake kuna mistari michache: aina ya gari, namba ya mwili, mota, rangi, na aina ya sanduku la vitesi.

Herufi za kwanza za aina ya gari zinasema familia ya mota. AE ni Corolla yenye mota ya familia A. NZE ni Corolla yenye mota ya familia NZ. CE ni Corolla ya mazuti yenye mota ya familia C. Herufi zinazokuja mwanzoni ni za mota, E inayofuata ni ya ukoo wa Corolla. Mtu akishajua hilo, hadanganyiki tena kwa urahisi na muuzaji wa piesi anayesema kwamba Corolla zote ni sawa.

Namba ya mwili ya gari la Japani nayo ina sura yake: ni zile herufi na tarakimu za aina, kisha kistari, kisha tarakimu saba. Si namba ndefu ya alama 17 inayotumika Ulaya na Marekani. Muuzaji wa mbali akidai alama 17, mwenye gari asihangaike kuzitafuta; hazipo. Kuuliza alama 17 ni dalili kwamba orodha ya muuzaji huyo haikutengenezwa kwa magari ya Japani.

Bado kuna mtego mmoja. Gari la miaka 25 lililopitia mikono mitano linaweza kuwa limebadilishiwa mota. Bamba litasema 5A-FE, na ndani kumewekwa mota nyingine iliyotolewa kwenye gari lililokufa. Kwa hiyo asiishie kwenye bamba. Apanguse mafuta na vumbi kwenye mwili wa mota yenyewe, asome alama zilizopigwa juu ya chuma. Bamba na chuma vikipingana, chuma ndicho kinachosema kweli.

Vitabu vilivyopo na kazi ya kila kimoja

Akishakuwa na namba ya mota mkononi, sasa anaweza kuchagua. Vitabu haviko vya aina moja.

Kuna vitabu vya Haynes, vya Uingereza. Cha kwanza kilitoka mwaka 1966, juu ya gari dogo la Austin-Healey Sprite. Njia yao ni rahisi kueleza: wananunua gari, wanalifungua lote, wanapiga picha, wanalirudisha, kisha wanaandika walichofanya. Ndiyo maana vinamfaa anayeanza. Matoleo ya Uingereza huonyesha hata ugumu wa kazi kwa picha za funguo, kutoka moja hadi tano. Kazi ya funguo tano si ya mtu anayejifunza Jumapili mchana. Mwishoni mwa mwaka 2020 kampuni hiyo ilitangaza kwamba haitachapisha tena vitabu vipya vya karatasi kwa magari mapya. Hilo halimgusi mwenye gari kuukuu, maana vitabu vya magari ya zamani vipo tayari.

Kuna Revue Technique Automobile ya Ufaransa, iliyoanza kutoka mwaka 1946. Kila namba yake hushughulikia gari moja. Ina faida kubwa kwa Kongo: imeandikwa kwa Kifaransa, lugha ambayo vijana waliosoma ufundi Goma, kwa mfano kwenye ITIG, wamefundishwa nayo. Lakini iliandikwa kwa mafundi. Inatoa vipimo vingi na maelezo machache, na magari yake ni yale yaliyouzwa Ulaya. Mwenye Peugeot ao Renault atashiba. Mwenye Carina ya Japani ahakikishe mara mbili kabla ya kulipa.

Kuna vitabu vya Australia, kama vile vya Gregory's na vya Ellery. Havijulikani sana huku, na hilo ni jambo la kusikitisha. Australia inaendesha gari lenye volani ya kulia, kama yale yanayotoka Japani, na Land Cruiser za mazuti zenye 1HZ ziliuzwa kule kwa miaka mingi. Kwa mwenye Land Cruiser, kitabu cha Australia kiko karibu na gari lake kuliko kitabu cha Marekani.

Kuna pia kitabu cha kiwanda, kile ambacho Toyota yenyewe iliwaandikia mafundi wake. Hicho ndicho sahihi kuliko vyote. Ila mara nyingi kimegawanywa: mota ina kitabu chake, mwili na freni vina kingine, ramani ya nyaya za umeme ina kingine tena. Anayenunua kimoja akidhani amepata vyote atajuta. Tena kitabu hicho kinamwona msomaji kuwa fundi aliyekwisha somea kazi, mwenye vifaa maalum vya kampuni ukutani.

Mwisho, kuna kijitabu kidogo cha Kijapani kinachokaa ndani ya sanduku la mbele la gari. Wengi hukitupa. Hicho si kitabu cha ufundi, lakini tarakimu zake zinasomeka hata kama maneno hayasomeki. Lita za mafuta na presha ya magurudumu zimo humo. Kisitupwe.

Kati ya vitabu hivi vyote, lugha ihesabiwe sawa na mota. Kitabu bora ni kile ambacho mtu anayeshika funguo anaweza kukisoma mwenyewe. Baba akinunua kitabu cha Kiingereza, na mtoto wake wa shule ndiye anayemtafsiria kila sentensi kando ya barabara, siku moja neno la “legeza” litasikika kama neno la “kaza”.

Kwa anayesimama mbele ya muuzaji, kuna jaribio ambalo halidanganyi. Afungue orodha ya mota mwanzoni mwa kitabu, atafute namba yake. Isipokuwepo, arudishe kitabu na aage kwa heshima. Ikiwepo, atafute ukurasa wa kazi ambayo anaijua tayari, tuseme kutoa viatu vya freni za mbele. Asome kama kitabu kinaeleza vile anavyoona kwenye gari lake mwenyewe. Kikikosea kwa kazi anayoijua, hakuna sababu ya kukiamini kwa kazi asiyoijua.

Tarakimu bila kipimo ni hatari

Kosa la pili huja baada ya kununua. Vitabu vya nchi tofauti hutumia vipimo tofauti. Nguvu ya kukaza bulo huandikwa kwa Newton-mita, ao kwa kilo kwa sentimita, ao kwa futi-pauni za Wamarekani.

Mfano ulio wazi ni bulo za gurudumu la Corolla. Toyota inataka zikazwe kwa Newton-mita 103. Kitabu cha Marekani kitaandika 76, kwa futi-pauni. Kitabu cha kiwanda kitaonyesha pia 1050, kwa kilo kwa sentimita. Ni nguvu ileile. Lakini anayesoma 76, kisha akapima kwa funguo ya Newton-mita, ameacha gurudumu likipungukiwa robo ya nguvu yake. Anayechukua 103 na kuikaza kwa futi-pauni amefika karibu Newton-mita 140, na amevuta bulo kupita kiasi. Wa kwanza anaweza kupoteza gurudumu. Wa pili anaweza kuvunja bulo siku ambayo hana ya akiba.

Mafuta ya mota nayo ni vilevile. Mota ya 1NZ-FE, filtri ikibadilishwa, hunywa lita 3,7. Kitabu cha Marekani kitasema 3,9, kwa kipimo chao kiitwacho kwati, ambacho ni kidogo kuliko lita. Kwa hiyo kabla ya kuandika tarakimu yoyote ukutani ao kwenye karatasi, aandike kipimo chake pembeni.

Gari lililolala tangu kukimbia

Suala hili linazigusa kwa namna ya pekee familia zilizohama. Wapo waliokimbia Rutshuru na gari lao mwaka 2022, wakaliegesha kwa ndugu mjini Goma kwa kukosa esanse na abiria. Wapo walioliacha uani na kuondoka kwa miguu. Mwanzoni mwa mwaka 2025 kambi za pembeni ya Goma zilipobaki tupu, wengi walirudi vijijini, na gari lililolala likawa tumaini la kwanza la kuanza upya. Kwa familia ya namna hiyo, gari ndilo shamba na ndilo duka.

Haraka ni kubwa: batri mpya, esanse kidogo, mota ikikubali, safari. Hapo ndipo kitabu sahihi kinaposaidia kuliko wakati mwingine wowote, kwa sababu kitabu kizuri hakihesabu kilomita tu, kinahesabu pia miaka. Mafuta ya freni hunyonya unyevu wa hewa hata gari likiwa limesimama. Vitabu vingi vinataka yabadilishwe kila baada ya miaka 2. Yenye maji ndani yake huchemka mapema freni zinapopata moto, na freni iliyochemka haishiki. Kilomita za gari lililolala hazikuongezeka, lakini mafuta yake ya freni yalizeeka kila siku.

Anayeijua njia ya kuteremka kutoka Kibumba kuelekea Kibati na Goma anaelewa maana yake. Gari lenye abiria na magunia, mguu juu ya freni muda mrefu, na mbele kuna watoto, pikipiki na tshukudu.

Kwa hiyo gari lililosimama miaka miwili ao zaidi lifuatiwe kwa orodha ya kitabu, mstari kwa mstari: mafuta ya freni, mafuta ya mota, maji ya radiateri, mikanda, mipira ya maji, magurudumu yaliyopasuka pembeni, nyaya zilizotafunwa na panya. Esanse ya zamani itolewe kwenye tanki. Hakuna kati ya hayo kinachoonekana kwa kuwasha mota na kusikiliza.

Na kitabu kizuri humwambia pia msomaji mahali pa kusimama. Kubadilisha mafuta, filtri, buji, taa na mkanda wa alternateri ni kazi za nyumbani. Pampu ya mazuti yenye presha kubwa, mifuko ya hewa ya usalama, na kufungua freni kwa mara ya kwanza bila mtu anayejua pembeni, hizo zipelekwe kwa fundi. Kuna onyo jingine ambalo hakuna mwandishi wa ng’ambo aliyeliandika, kwa maana hakuishi chini ya Nyiragongo: mtu asiingie kamwe chini ya gari lililoegemezwa juu ya jiwe la volkano. Jiwe lenye matundu linaonekana gumu, kisha linapasuka bila kutoa ishara. Kriki peke yake pia haitoshi. Gogo nene la mti, pana na kavu, ni afadhali.

Wazee wa garaji wanasemaje

Kuna fundi mzee atakayesikiliza haya yote na kucheka. Atasema kwamba amefungua mota miaka 30 bila kitabu, na magari yake yanatembea. Anasema kweli, na anastahili heshima. Sikio lake linasikia valvu iliyolegea kabla kijana hajamaliza kufungua boneti. Hakuna kitabu kitakachofundisha hilo.

Lakini hata mkono wa mzee haujui tofauti kati ya 5A-FE na 1NZ-FE kwa kugusa bulo. Kichwa cha mota kinakazwa kwa mpangilio na kwa kiasi kilichopimwa, na kila mota ina chake. Fundi mzuri na kitabu kizuri hawapigani. Fundi anajua ugonjwa, kitabu kinajua kipimo cha dawa. Mwenye gari anayekuja na kurasa zake mkononi aseme kwa adabu: “Mzee, kitabu cha mota hii kinasema hivi, tuangalie pamoja.” Fundi wa kweli hatakasirika.

Wengine watasema kwamba siku hizi kila kitu kiko ndani ya simu. Ni kweli kwamba vitabu vingi vinazunguka kwa simu, na vinasaidia. Masharti ni yaleyale: namba ya mota, kipimo, lugha. Kisha simu inataka moto wa batri na megabaiti, na kioo chake hakipendi vidole vya mafuta. Aliyepata kitabu kwa simu aandike kwa mkono zile kurasa tano anazozihitaji zaidi, azikunje, azitunze pamoja na karatasi za gari. Vita vimefundisha kwamba anayekimbia hubeba watoto na sufuria, wala hana nafasi ya kitabu kizito. Karatasi moja iliyokunjwa haikosi nafasi.

Kitabu kimoja kwa parkingi, si kumi vibaya

Hapa ndipo kuna jambo la kufanywa kwa pamoja. Haina maana shofa kumi wa parkingi moja wanunue vitabu kumi, vinane vikiwa si vya mota zao. Chama cha madereva ACCO, wenye garaji, parokia na shule za ufundi wanaweza kufanya hesabu rahisi: mota gani zinazopita zaidi kwenye barabara hii? Wakishasoma mabamba ya magari ya parkingi moja kwa wiki moja, watakuwa na orodha fupi. Kwa kila mota ya orodha hiyo, kinatafutwa kitabu kimoja sahihi. Kila mwenye gari anatoa kidogo. Kitabu kinakaa mahali panapojulikana, kwa mtu anayejulikana, na hakitoki bila jina la aliyekichukua kuandikwa.

Kando ya kitabu liwekwe daftari la Kiswahili. Vijana waliosoma ufundi kwa Kifaransa waandike humo majina ya sehemu za mota kama yanavyosemwa garajini, ili kila mtu aelewe neno la kitabu linaelekea chuma kipi. Na kila gari liwe na kurasa zake: tarehe, kilomita, kazi iliyofanywa, piesi iliyowekwa, nani aliifanya. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na gari ni mali inayoisha haraka kuliko nyingine zote. Daftari hilo litamfaa pia anayenunua gari la jirani, kwa sababu atajua mkanda ulibadilishwa lini, badala ya kuambiwa tu kwamba gari halina shida.

Gharama ya mpango huu ni ndogo ukilinganisha na mota moja iliyoungua. Na faida yake si ya wenye magari peke yao. Mama anayepeleka maharagwe Goma, mgonjwa anayepelekwa hospitali ya Rutshuru, mwanafunzi anayekwenda mtihani, wote wanapanda gari ambalo mtu fulani alikaza bulo zake. Wana haki mtu huyo awe alisoma tarakimu inayofaa.

Kwa hiyo wiki hii, kabla ya kuuliza bei ya kitabu chochote, mwenye gari kuukuu wa Kalengera afanye jambo moja tu. Afungue boneti, apanguse bamba, asome mota, aandike kwenye karatasi, na karatasi hiyo aitie mfukoni. Siku atakayosimama mbele ya rundo la vitabu, aitoe kwanza karatasi, kisha ndiyo atoe hela.